Mzee Aliyepaka Boliti Rangi ya Kucha

Kak.

Hivyo ndivyo boliti ya difu inavyolia ikikubali kuachia. Si mlio mkubwa. Unafanana na wa mtu anayejivunja vidole asubuhi, ila huu una chuma ndani yake, na ukishatoka panakuwa na kimya kifupi, halafu unasikia mtu chini ya gari anashusha pumzi. Niliusikia kwa miaka sita kupitia ukuta wa mabati uliotenganisha saluni yangu na ua wa jirani yangu, hapa Kwamndolwa. Mpaka leo mteja akijivunja vidole kwenye kiti changu, mikono yangu inasimama kichwani kwake bila kuambiwa.

Mtaa mzima tulimwita Dereva. Alishastaafu siku nyingi kuendesha magari ya shamba la mkonge, lakini jina lilibaki naye. Wengine walimwita Mzee Nani Kakutuma, ila hilo walilisema akishapita. Maana ukimwamkia, "Shikamoo mzee," yeye alijibu, "Marahaba. Nani kakutuma?" Hata ukiwa unapita zako kwenda kuchota maji. Imamu wa msikiti wetu aliwahi kumjibu kwamba katumwa na Mungu. Dereva akamwangalia kidogo, akasema, "Hilo nitaliulizia."

Mimi na yeye tulifahamiana kwa ajili ya rangi ya kucha. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua saluni, nina kioo kimoja na viti viwili, na ndoto nyingi kuliko viti. Siku hiyo akina mama wanne wamejaa ndani, mara mlango ukaingia kiza. Dereva amesimama, kofia mkononi.

"Binti, una rangi ya kucha?"

"Ipo mzee. Shikamoo. Ya bibi?"

"Ya gari."

Akina mama walicheka mpaka mmoja akaomba nimfungue kitambaa apumue. Yeye hakucheka. Akachukua nyekundu, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza inakaa siku ngapi. Nikamwambia wiki moja au mbili, kama mtu haoshi vyombo.

"Gari haioshi vyombo," akasema, akaondoka nayo.

Nilikuja kujua baadaye. Gari lake lilikuwa la zamani, refu, la foo-wili, rangi ya kijani iliyopauka kama majani ya mkonge, na lina sehemu nne za chini zinazotiwa oili nzito ya gia. Difu ya nyuma na difu ya mbele, yale mabonge ya chuma katikati ya ekseli yenye meno ya kuzungusha matairi, giaboksi, na transfa, kile kisanduku cha chuma nyuma ya giaboksi kinachogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Kila moja ina boliti mbili, ya juu kidogo ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Boliti nane. Dereva alizipaka zote mstari mwembamba wa rangi ya kucha, unaoanzia kwenye kichwa cha boliti na kuishia kwenye bodi. Mtu akiigusa boliti kwa spana, mstari unakatika. Kila safari, hata ya kwenda sokoni tu, aliingia chini na tochi kukagua mistari yake.

"Niliacha gari gereji siku moja," alinieleza. "Siku moja tu. Nimerudi, nimeendesha mpaka njiani kwenda Handeni, nasikia difu inaimba. Walitoa meno yangu mazuri, wakaniwekea ya marehemu."

"Marehemu nani, mzee?"

"Gari lililokufa."

Kama kweli walimwibia sijui. Fundi wa gereji hiyo, ambaye huwa namsuka mke wake, anaapa kwamba difu ilikuwa ikiimba kabla haijafika kwake. Lakini tangu hapo Dereva hakuwahi kumpa fundi yeyote gari lake kwa jambo la oili. Alifanya mwenyewe nyumbani, mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, kwa sababu alipita sana kwenye maji na aliyashuku maji kuliko watu. Maji hayana aibu, alisema, yanaingia penye tundu la sindano, na oili iliyoingiwa maji ukiimwaga inatoka nyeupe kama chai ya maziwa.

Kwenye duka la oili pale mjini Korogwe walimjua. Alinunua galoni mbili za lita nne, hakuwahi kuzidisha wala kupunguza. Anaitikisa galoni sikioni, anakagua kizibo kama kimewahi kufunguliwa, halafu anamwambia muuzaji aifungue na apake tone kwenye kiganja chake yeye muuzaji. "Kama ni nzuri, haitakuunguza." Muuzaji ananyoosha kiganja huku anaangalia wateja wengine kwa macho ya kuomba msaada. Dereva anaisugua kwa kidole, ananusa. Oili ya gia ikiwa mpya inanuka vibaya, kama kitunguu kilichooza, na yeye alikuwa akitabasamu kwa harufu hiyo kama mtu aliyenusa pilau.

Ukimwona hivyo unaweza kufikiri alikuwa mchoyo, na hapo ndipo alipotuchanganya. Nyumba yake haikuwa na kufuli. Mlangoni alitundika pazia tu, na mtu aliyeishiwa chumvi aliingia akachota. Spana zake zilikaa barazani, zimepangwa kwenye kipande cha turubai. Oili chafu aliyomwaga aligawa kwa yeyote mwenye nguzo za kupaka kuzuia mchwa. Na barabarani alibeba kila mtu. Alishawahi kutoka Kang'ata, kwao, na mfugaji mmoja wa kule nyanda kavu aliyekuwa na ndama mgonjwa, na ndama akakaa kiti cha nyuma kama bwana mkubwa mpaka Handeni mjini. Nikamuuliza mbona huyo hakumuuliza nani kamtuma.

"Mfugaji nilimuuliza. Ndama hajatumwa na mtu."

Basi ukiunganisha yote hayo, mtu asiyefunga nyumba lakini anafunga boliti, mtaa ukapata jibu lake. Walisema ndani ya difu mna dhahabu. Si anatoka kule Kang'ata, na kule Handeni watu wanachimba? Mtu gani mwingine atajifungia chini ya gari nusu siku, na geti amelirudishia, kama hana kitu? Nami niliamini. Nina moyo mwepesi wa kuamini mambo mazuri. Mwaka ule wa kwanza, alipokwisha kufunga boliti akaenda kunawa, nikapenya uani na kijiti, nikawa nakoroga beseni la oili chafu.

"Unatafuta nini?"

Alikuwa nyuma yangu. Nilifikiria kudanganya, nikakosa uongo wa haraka.

"Dhahabu, mzee."

Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ubavu wa gari. "Nilijua umetumwa," akasema, "lakini sikujua umetumwa na tumbo lako mwenyewe." Akanipa tochi niishike. Kuanzia siku hiyo, kila msimu wa oili nilishika tochi.

Alinifundisha bila kukusudia, au alikusudia na hakutaka nijue. Kwanza gari lizunguke kidogo mpaka kwenye reli na kurudi, oili ipate joto. Halafu lisimame mahali palipo sawa, mawe mbele na nyuma ya kila tairi, maana jeki hakuiamini hata kidogo, wala gari lake halikuhitaji kuinuliwa. Anatandika gunia, anaingia. Na hapo linakuja jambo aliloliamini kama dini, kwamba boliti ya kujazia inafunguliwa kabla ya ya kumwagia.

"Ukimwaga kwanza, halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na gari imetoka damu na huna pa kuirudishia. Hakikisha njia ya kuingia ndiyo ufungue ya kutoka."

Nililichukua hilo mpaka saluni. Simfumui mtu nywele za zamani kabla sijaona kwa macho yangu rasta mpya ziko ndani.

Boliti ya kumwagia ilikuwa na sumaku nchani, imebeba tope la kijivu. Aliifuta kwa kitambaa cheupe, akakitandaza juani, akakisoma kama barua. Unga laini ni uzee, alisema, uzee hauna mshitakiwa. Vipande vya chuma ni wizi, au ujinga. Kisha anajaza kwa pampu ya mkono na mpira, polepole, mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu lenyewe la kujazia. Hapo anasema, "Imeshiba," anafunga, anafuta, anapaka rangi yangu. Galoni mbili ziliishia kwenye difu mbili na transfa, kinabaki kiasi cha kupaka bawaba za geti. Giaboksi aliigusa mara chache, na kwa safari yake yenyewe.

Nilimweleza ndoto yangu nikiwa nimeshika tochi. Nataka gari kama hili, nikamwambia, niweke kioo na viti na maji nyuma, niwe nazunguka Mkata, Kang'ata, vijiji vyote vya Handeni ambavyo basi haliingii, nipambe maharusi majumbani kwao. Watu wakisikia hivyo hucheka, au huniuliza nilifeli hesabu kiasi gani. Dereva akauliza kutoka chini, "Foo-wili au ya kawaida?"

"Foo-wili."

"Basi lete tochi karibu uone vizuri."

Sasa niseme la Ijumaa ile, baada ya masika ya mwaka juzi.

Binti yake alikuwa amekuja kutoka Kang'ata. Ni mtu mzima, ana shamba lake la mahindi na muhogo, mwenye maneno machache. Nilikuwa namwita dada. Kesho yake baba yake angemrudisha kwao na gari, pamoja na majirani watano waliokuwa wanakwenda kwenye msiba njia hiyohiyo. Dada alikaa kwenye kiti changu asubuhi nimsuke rasta. Kwa hiyo safari hiyo sikushika tochi. Nilisikia tu kupitia mabati. Kak. Kak. Alifungua mwenyewe, akajaza mwenyewe.

Nilipofika katikati ya kichwa, dada akaniangalia kwenye kioo.

"Mdogo wangu, nikuulize kitu, na usinifiche. Baba anakoseakosea?"

"Kukosea vipi, dada?"

"Anasahau. Jana ameniuliza mara mbili nimekula. Juzi kanisalimia kama mgeni. Nimeshasema moyoni, siku nikisikia amekosea kitu kimoja tu cha gari, ninauza. Sitangoja aue watu."

Nikasema sijaona kitu. Na kweli nilikuwa sijaona.

Karibu na saa ya swala ya Ijumaa Dereva akapita dirishani, kanzu tayari, galoni mkononi. Akaiweka barazani kwangu kwa kishindo. Ilikuwa nzito.

"Imebaki hii, kama lita mbili na zaidi," akamwambia binti yake. "Safari hii transfa imeshiba haraka. Sijapampu mara mbili, inachuruzika."

"Vizuri baba," dada akasema. Kwake ilikuwa habari njema.

Dereva akaenda msikitini. Mimi nikaendelea kusuka, lakini vidole vilianza kwenda polepole. Transfa haijawahi kushiba haraka. Kitu kilichomwagwa chote hakishibi kwa pampu mbili. Kinashiba haraka kama kilikuwa kimejaa. Na kama transfa ilikuwa bado imejaa, ile oili chafu ya mwisho iliyoingia kwenye beseni ilitoka wapi?

Giaboksi na transfa zimekaa mgongo kwa mgongo, kama watu waliogombana wakalazimishwa kitanda kimoja. Boliti zao zinafanana na spana ni ileile. Alikuwa amefungua ya kujazia ya transfa, akashuka, akafungua ya kumwagia ya giaboksi. Ameimwaga giaboksi yote, ameifunga, amepaka mstari wake mwekundu juu, na kesho anapakia watu sita aende nayo Kang'ata ikiwa kavu.

Ningesema, "Dada, subiri, baba kakosea," na ingekuwa kweli, na gari lingeuzwa wiki hiyohiyo. Nikamwambia naenda kuchemsha maji ya kuchovya ncha za rasta.

Nikabeba ile galoni kutoka barazani, nikaingia uani. Pazia linapepea, spana ziko barazani. Nikalala kwenye gunia lake, nikafungua boliti ya kujazia ya giaboksi, nikaingiza kidole mpaka mwisho. Hewa tupu. Nikachukua galoni, nikajaza kwa pampu ileile mpaka ikachuruzika. Lita mbili na zaidi ziliingia zote. Nikafunga kwa nguvu. Ya chini nayo nikaijaribu kwa kidole, imekaza. Mstari wa boliti ya juu ulikuwa umekatika, lakini mimi si ndiye mwenye rangi? Nikakimbia, nikaleta chupa, nikafuta vizuri, nikapaka mpya.

Niliporudi na maji ya moto dada akakunja pua. "Unanuka nini?"

"Dawa ya nywele, dada. Mpya."

"Usinipake hiyo."

Asubuhi yake majirani wako getini na mizigo. Dereva akaingia chini na tochi kukagua mistari, kama kawaida. Akakaa huko muda mrefu. Nilikuwa nafagia barazani, nikawa nafagia palepale. Alipotoka hakuenda kwenye usukani. Alikuja kwangu, galoni tupu mkononi, dada nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee."

"Boliti ya juu ya giaboksi. Mstari wangu mimi unatetemeka kama mkono wangu. Huu umenyooka, umeng'aa, kama ukucha wa bibi harusi. Nani mwingine hapa anapaka hivyo?" Akainua galoni. "Na oili yangu umemuuzia nani?"

Nilimwangalia, nikamwangalia dada. Dada alikuwa ananitazama mimi, si baba yake, na macho yake yamebana, anakumbuka dawa ya nywele. Maneno mawili tu yangenitoa. Nikasema maneno mengine.

"Nisamehe, mzee."

"Nakuuliza umemuuzia nani."

"Nisamehe tu, mzee."

Akarudi kwenye gari, akafungua boliti ile mbele ya watu. Oili mpya, safi, ikachuruzika. Akaitazama ikitoka. Akaingiza kidole, akakitoa, akakinusa, akakiangalia muda mrefu kuliko kidole kinavyohitaji. Kisha akafunga, akapaka mstari wake wa kutetemeka, na wakati anapita akasema bila kugeuka, "Usikanyage tena kwangu." Wakapanda, wakaondoka. Gari lilikwenda vizuri. Nilisikiliza mpaka nikasikia linakata kona ya mwisho.

Mtaa haukuchelewa. Mteja mmoja alipokaa kwenye kiti akakumbatia mkoba wake tumboni. Mwingine alinichekea, "Leo unatupaka mafuta ya nazi au ya difu?" Nilicheka nao, mimi huwa nacheka, lakini jioni nilifunga saluni mapema. Lililoniuma zaidi si jina. Ni kwamba nilikuwa nimemwachia mzee wa watu usukani na mimi ndiye pekee niliyejua. Kila gari lake lilipowaka upande wa pili wa mabati nilisimamisha kitana, nikasikiliza kama kuna kitu kinaimba. Nilijishuku mwenyewe. Nilijiuliza kama nilinyamaza kwa kumhurumia yeye, au kwa kuhurumia nafasi yangu ya kushika tochi.

Vuli ilipoanza alihamia Kang'ata kwa binti yake, magoti yanamsumbua. Mabati yakawa kimya. Mvua zilipokwisha, nikapata ujumbe wa dada kwenye simu. "Baba anasema aje yule mwizi wa oili. Nadhani ni wewe."

Nilipanda basi mpaka Handeni, halafu bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga uongo wangu vizuri. Nitasema niliiba, niliuza, nikaogopa, nikarudisha. Nilishaubeba uongo huo nusu mwaka, nusu mwaka mwingine usingeniua. Nilishuku vilevile kwamba nimeitwa nikaaibishwe mbele ya ukoo.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, juani, mbali kidogo na gari. Gari limesimama penye usawa, mawe yako kwenye matairi. Amekonda. Dada alinikaribisha kwa adabu, akaenda shambani kung'oa muhogo wa mchana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Nikangoja aniulize nani kanituma. Hakuuliza. "Kesho anakuja mtu kuiona gari. Huyu binti yangu anataka niiuze. Nimemwambia nitampa jibu jioni." Akaonyesha galoni mbili chini ya kivuli cha ukuta. "Kuuza au kutouza, sitaki iwe na oili chafu. Mimi sishuki tena chini."

"Nitafanya, mzee."

"Kabla hujafanya." Alishika magoti yake yote mawili. "Siku ile. Nimewaza sana. Mwizi anachukua oili, anaondoka nayo. Mwizi gani anafungua giaboksi ya mtu halafu anaijaza? Oili yangu iliyopotea ilikuwa mle ndani. Kwa hiyo kulikuwa na nafasi mle ndani. Nani aliimwaga ile ya zamani?"

Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni. Nilimwona anavyonitazama, na nikaelewa jibu lake la jioni linatoka kwangu. Nikisema ni mimi, atamwambia binti yake kwamba haiuzwi, na atapanda kiti cha dereva na magoti yale. Nikisema ni yeye, nimemnyang'anya gari kwa mikono yangu mwenyewe.

"Ni wewe, mzee," nikasema. "Ulifungua ya kujazia ya transfa, ukamwaga ya giaboksi. Niligundua nikiwa nasuka."

Kuku walipita kati yetu, wote wawili tukawaangalia.

"Kichwa cha nani?"

"Cha dada."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Ukakubali kuitwa mwizi."

Nilianza kulia kidogo, nikajifuta kwa mkono wa gauni.

"Nilijua tangu nilipotia kidole," akasema. Sauti yake haikuwa na ugomvi wowote. "Ilikuwa ama wewe ni mwizi, ama mimi nimezeeka. Nikaona bora wewe uwe mwizi."

"Sawa, mzee."

"Si sawa. Nitamwambia huyu dada yako akirudi, na nitapiga simu kwa imamu aseme huko msikitini. Watu wa Kwamndolwa nawajua, wasipoambiwa na mtu mkubwa hawaachi." Akashika mikono ya kiti, akajiinua kwa shida. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa jicho. "Na huyo wa kesho, kabla hajaondoka nayo, mwambie afungue ya kujazia kwanza. Sauti yake kwenye simu ni ya mtu asiyejua."

Niliingia chini. Nikafungua za kujazia, kisha za kumwagia, nikamtajia kila moja kwa sauti kabla sijaigusa, naye akaitikia akiwa amesimama ameegemea boneti. Nilipofika kwenye transfa oili ilikuwa inatoka polepole, nyeusi, imechoka. Tukasikia adhana ya adhuhuri kutoka upande wa barabara.

Miguu yake niliiona kutoka chini, inageuka. Kandambili zikaondoka taratibu kuelekea nyumbani. Nikasikia maji ya udhu. Miaka sita, boliti ikiwa wazi, hakuwahi kusogea hatua tatu. Niligeuza shingo nione kama yuko dirishani ananichungulia. Hayuko. Uani hapakuwa na mtu, ni mimi, beseni, na kile kiti cha plastiki kimebaki juani, kimegeukia barabara.

Nikatoka chini ya gari. Nikajifuta mikono, nikakibeba kile kiti mpaka kwenye kivuli, kama hatua mbili kutoka tairi la nyuma, nikakigeuza kidogo, nikachuchumaa kwa nyuma yake kupima. Pale, hata bila kuinama, angeona boliti zote na mikono yangu yote miwili. Nikarudi chini, nikafunga ya kumwagia, nikaanza kujaza.